Risasi Isafiriyo Sekunde 10

Mnamo mwaka 2017, katika vita vya Iraq dhidi ya wapiganaji wa Daesh, askari mmoja wa jeshi la Kanada alimpiga risasi adui aliyekuwa umbali wa mita 3,540. Jeshi lake lilithibitisha habari hiyo, ila jina la askari halikutajwa. Ikasemwa kwamba risasi ilikaa angani muda unaokaribia sekunde 10. Msomaji, hebu utie umbali huo akilini: ni viwanja 35 vya mpira vikipangwa kimoja mbele ya kingine. Kisha hesabu polepole moja hadi kumi, ndipo utajua muda wenyewe ulivyo mrefu. Katika muda huo mtu aweza kunywa kikombe cha maji, au kufunga kamba za viatu, au kuinuka akaenda zake.

Habari hii imezua ubishi mkubwa katika bweni letu. Wako wasemao kwamba ni macho tu, ati mwenye macho makali hakosi. Wengine, ambao elimu yao yote ya vita imetoka katika sinema, husema risasi huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, basi kazi ni kuielekeza tu. Mwalimu wetu wa Fizikia alipotusikia alisema tuache kubishana kwa midomo, tubishane kwa penseli. Nimefanya hivyo muhula mzima, na haya ndiyo niliyoyapata. Tena ninayo sababu ya pili. Kaka yangu mkubwa ni askari, nami nikijaliwa kumaliza Kidato cha Nne natamani kumfuata. Kwa hiyo swali la kwamba ni haki au si haki kumpiga mtu kwa umbali huo, kwangu mimi si jambo la kupitishia jioni. (Wazazi watakaosoma wasishtuke. Shule yetu haina silaha iliyo kali kuliko fyekeo.)

Nianze na lile la tochi. Risasi huanza kuanguka mara tu itokapo katika mtutu. Galileo, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1638, alionyesha kwamba mwendo wa kwenda mbele na mwendo wa kuanguka havizuiani: kitu kirushwacho huanguka vilevile kama kitu kiachiwacho mkononi. Sisi sote tumejifunza hesabu yake, yaani nusu ya 9.8 mara muda, mara muda tena. Sekunde 1 yatoa mita 4.9. Sekunde 2 zatoa mita 19.6. Lakini sekunde 10 zatoa mita 490! Hewa hupunguza kidogo kuanguka huko, hata hivyo ni mamia ya mita. Tukichukua mnazi mrefu wa mita 25, ni karibu minazi 20 ikisimamishwa mmoja juu ya mwingine. Basi mpigaji yule hakuuelekeza mtutu wake kwa mtu, aliuelekeza juu mbinguni, na katikati ya safari risasi ilikuwa zaidi ya mita 100 juu ya mstari wa macho yake. Ikifika mwisho huja ikiteremka kama jiwe lililotupwa juu ya paa. Kwa sababu hiyo akikosea kukadiria umbali kwa mita 10 hivi, risasi hupita juu ya kichwa au huchimba vumbi mbele ya miguu.

Jambo la pili ni hewa, na hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Zamani wenye mizinga walidhani hewa ni kitu kidogo sana kwa risasi iendayo kasi. Mwingereza mmoja, Benjamin Robins, alitoa kitabu mwaka 1742 akieleza jinsi alivyopiga risasi katika gogo lililoning'inizwa kama bembea, akapima gogo limesogea kiasi gani, na kwa njia hiyo akajua mwendo wa risasi ilipoligonga. Akapiga kwa karibu, akapiga kwa mbali, akaona kwamba hewa huikaba risasi kuliko mtu yeyote alivyodhani. Huyu ni mtu ambaye jina lake lastahili kujulikana zaidi na wanafunzi.

Bunduki kubwa kama ile ya Wakanada, yenye mtutu wa milimita 12.7, hutoa risasi kwa mwendo wa zaidi ya mita 800 kwa sekunde, yaani mara mbili na zaidi ya mwendo wa sauti. Kama risasi ingeudumisha mwendo wa mita 820, ingemaliza mita 3,540 kwa sekunde 4.3. Lakini ilitumia karibu 10. Zile sekunde 5 na zaidi zimeliwa na hewa njiani.

Sasa tazama ajabu ya sekunde hizo zilizoliwa. Wengi wetu tungedhani kwamba upepo wa ubavuni huisukuma risasi kwa mwendo wa upepo mara muda wote wa safari. Sivyo. Chukua muda ambao risasi imeutumia hasa, toa muda ambao ingeutumia pasipo hewa, kisha kile kinachobaki ukizidishe kwa mwendo wa upepo. Sababu yake si ngumu: ni hewa ileile. Kama haiwezi kuikaba risasi, haiwezi kuisukuma pia, na kadiri inavyoikaba ndivyo inavyoipeleka kando. Basi upepo wa mita 1 kwa sekunde, ambao hupeperusha moshi kidogo lakini hautikisi jani la mwembe, utaipeleka risasi yetu kando kwa zaidi ya mita 5. Upepo wa mita 4, ambao ndio wa kila siku katika uwanja wetu wa mpira baada ya saa nane, utaipeleka kando kwa mita 20 na zaidi.

Na upepo wenyewe si mmoja. Hapa alipolala mpigaji waweza kuvuma kutoka kushoto, bondeni usiwepo kabisa, na kule kwa adui ukatoka kulia. Tena risasi hupita juu sana, katika hewa ambayo hakuna jani wala vumbi la kuonyesha upepo wake. Mpigaji na mwenzake mwenye darubini (maana wadunguzi hawaendi peke yao, mmoja hupiga na mwingine hutazama) husoma nyasi, moshi, vumbi, na yale mazigazi yanayochezacheza juu ya ardhi ya moto. Vifaa vya siku hizi hupima umbali kwa mwanga wa leza, na mashine ndogo hufanya hesabu zote kwa nukta moja. Ila hakuna kifaa anachokichukua askari begani kitakachompa upepo wa kila hatua ya kilomita 3 na nusu. Mengine hukisiwa.

Hewa nyembamba husaidia. Mwezi Machi 2002, askari wa Kanada aitwaye Rob Furlong alimpiga mtu kwa umbali wa mita 2,430 katika milima ya Afghanistan, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni pungufu kuliko ya pwani. Joto nalo huipunguza hewa uzito. Bunduki iliyorekebishwa Tanga asubuhi haitapiga mahali palepale ikipelekwa Mbeya.

Kuzunguka kwa risasi nitakupitisha haraka. Ndani ya mtutu kumechongwa mifereji iliyopinda, nayo huizungusha risasi zaidi ya mara 2,000 kwa sekunde ili isipinduke, kama pia ya watoto isivyoanguka maadamu inazunguka. Mzunguko huo huivuta risasi kando kidogo, kwa kawaida kulia. Halafu mwendo wake ukishuka ukakaribia ule wa sauti, risasi huyumba, na risasi mbili zilizofanana kiwandani huanza kwenda kila moja kwa tabia yake.

Lililowashangaza zaidi wenzangu ni mzunguko wa dunia. Risasi ikiwa hewani, dunia haikusimama kuingoja. Mfaransa Coriolis aliandika hesabu za jambo hili mwaka 1835 alipokuwa akichunguza mitambo inayozunguka, wala si bunduki. Kwa latitudo ya nyuzi 36 kaskazini, kama ile ya kaskazini mwa Iraq, nimepata kwamba risasi ya mita 3,540 hupelekwa kulia kwa mita 1 na nusu hivi. Mtu mzima aweza kupona kwa sababu dunia inazunguka! Hapa kwetu, nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, ingepelekwa kushoto, tena kwa sentimita 13 tu, na penyewe hasa kwenye Ikweta isingepelekwa kando hata kidogo. Lakini Ikweta nayo ina lake: ukipiga kuelekea mashariki risasi hufika juu kwa zaidi ya mita 2, na ukielekea magharibi hufika chini kwa kiasi hichohicho.

Tukiyajumlisha yote haya, twaona kwamba wale wa macho makali na wale wa tochi wote hawakupata. Tena hata mtu asipokosea lolote, bunduki yenyewe ina mipaka yake. Bunduki nzuri sana, ikifungwa isitikisike, hutawanya risasi zake ndani ya sentimita 1 na nusu kwa umbali wa mita 100. Kwa mita 3,540 mtawanyo huo, kwa jiometri peke yake, ni sentimita 53, nao ni upana wa mabega ya mtu. Ndiyo maana wapigaji wakweli husema bahati imo. Billy Dixon, mwindaji wa nyati wa Marekani aliyempiga mtu kwa umbali wa mita 1,400 hivi huko Texas mwaka 1874, aliungama mwenyewe kwamba ilikuwa bahati. Mwezi Novemba 2023 idara ya usalama ya Ukraine ilitangaza kwamba mtu wake amepiga kwa mita 3,800, nao wako wataalamu walioitilia shaka habari hiyo. Na mwaka 2022 huko Wyoming, Marekani, wapiga shabaha wa kiraia walikigonga kipande cha chuma kwa umbali wa kilomita 7. Walikigonga kwa risasi ya 69.

Nilipoisoma habari hiyo ya mwisho ndipo hesabu iliponigeukia. Risasi 68 zilikosa, zikachimba udongo wa kilima kisicho na watu, wala hakuna aliyeumia. Huo ni mchezo, na mimi sina neno nao. Lakini yule Furlong naye risasi yake ya kwanza ilikosa, ya pili ikapiga mfuko uliokuwa mgongoni mwa adui, ya tatu ndiyo iliyomwua. Katika vita, risasi iliyokosa huenda wapi? Inategemea nyuma yake kuna nini. Mlimani ni mawe. Katika mji kama Mosul ni dirisha la mtu.

Yako madai ya zamani kwamba mdunguzi ni mwoga kwa kuwa huua akiwa amejificha. Mimi siyakubali. Sheria za vita za Hague za mwaka 1907 zakataza kumwua adui kwa hila, kama vile kujifanya umesalimu amri kisha ukapiga, ila kujificha kwa majani na matope si hila, ni vita. Tena mtu wa mzinga hupiga kilomita 20 bila kumwona yeyote, wala hakuna amwitaye mwoga. Mdunguzi angalau huchagua mtu mmoja. Kombora halichagui. Katika hili, kama ningekuwa mwanakijiji niliyenaswa kati ya majeshi mawili, ningeomba adui alale kilimani na bunduki kuliko na mzinga.

Historia yetu wenyewe inao mfano. Frederick Selous, yule mwindaji wa tembo aliyepewa jina la pori kubwa la akiba kusini mwa Tanzania, aliuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, akiwa kapteni wa Waingereza mwenye umri wa miaka 65, kwa risasi ya mpiga shabaha wa upande wa Wajerumani. Kaburi lake liko palepale, katika eneo ambalo tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Alikuwa askari, alikuwa vitani, na aliyempiga alikuwa na haki ya kumpiga. Sioni cha kulalamikia.

Lakini kuona ni mzigo pia. Mwaka 1777, katika vita vya Marekani na Uingereza, ofisa Mskoti Patrick Ferguson alimwona ofisa wa adui karibu naye, akaacha kumpiga kwa sababu mtu yule alikuwa amempa mgongo na hakuwa akimdhuru. Baadaye ikasemwa kwamba yule huenda alikuwa George Washington mwenyewe, ingawa haijathibitika. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mshairi Mwingereza Robert Graves alimwona Mjerumani akioga, ndani ya darubini ya bunduki. Hakupenda kumpiga mtu aliye uchi. Basi akampa bunduki sajini aliyekuwa naye, na sajini akapiga. Nimemfikiria Graves mara nyingi kuliko Ferguson. Aliuokoa mkono wake, hakumwokoa mtu.

Narudi kwenye sekunde 10. Mtu atembeaye mwendo wa kawaida huenda mita 14 katika muda huo. Mwingine aweza kuingia mahali pake. Yeye mwenyewe aweza kutupa silaha na kuinua mikono katika sekunde ya nne, na sheria yakataza kabisa kumpiga aliyesalimu amri, ila risasi haiitiki ikiitwa. Najua sheria humhukumu mpigaji kwa kile alichokijua alipofyatua, na hapo ndipo penye uzito: alijua nini?

Nilitaka kulipima jambo hili, nikafanya hivi. Mtu mwenye upana wa nusu mita, akiwa mita 3,540, huonekana kama sarafu ya sentimita 2 na nusu iliyowekwa umbali wa mita 177. Darubini ikuzayo mara 25 huileta sarafu hiyo hadi mita 7. Basi nilikata watu wawili wa karatasi ya manila, kila mmoja urefu wa sentimita 8 na nusu, mmoja amebeba jembe begani na mwingine bunduki. Niliwasimamisha juu ya meza nyuma ya jiko la shule, nikawaita wenzangu watazame kutoka mita 7. Wote walisema sawasawa bila shida. Kisha mpishi wetu, ambaye namshukuru, akaniruhusu kuweka jiko la mkaa uliowaka mbele ya meza ile, ili tutazame kupitia hewa ya moto inayotetemeka kama mazigazi ya mchana. Hapo ubishi wa bwenini ulianza upya. Mmoja alisema yule wa kushoto ana bunduki, mwingine akaapa ni jembe, wa tatu akasema wote wawili wana fimbo. Jembe lilikuwa la kushoto. Najua kwamba darubini za majeshi ni bora kuliko macho yetu, na mdunguzi hutazama kwa saa nyingi kabla ya kupiga, hutazama mtu anafanya nini, si umbo lake tu. Hata hivyo mkaa wangu ulikuwa mdogo, na jangwa ni kubwa.

Sheria inalo neno juu ya hili. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa katika Mikataba ya Geneva ya 1949, yasema kwamba panapokuwa na shaka kama mtu ni raia au siyo, ahesabiwe kuwa raia. Haisemi kwamba akiwa mbali sana shaka hupungua. Kwa maoni yangu umbali huiongeza, na yule atakaye sifa ya mita nyingi huku haoni vema ameanza kuipenda hesabu kuliko mtu.

Wala ukaribu peke yake hauleti haki. Mji wa Sarajevo ulizingirwa kuanzia 1992 hadi 1996. Wadunguzi walikaa katika majengo marefu na vilima, wakawapiga watu waliokuwa wakivuka barabara na kuteka maji, wanawake na watoto wakiwemo. Pale hapakuhitajika hesabu ya Coriolis. Waliona vizuri, wakapiga. Jenerali Stanislav Galić, aliyeongoza jeshi la Waserbia lililouzingira mji, alihukumiwa mwaka 2003 na mahakama ya kimataifa kifungo cha miaka 20 kwa kampeni ile ya kuwatisha raia kwa udunguzi na makombora. Akakata rufaa. Mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikamwongezea, ikawa kifungo cha maisha.

Kaka alipokuja likizo nilimwonyesha daftari langu. Alizipitia kurasa za upepo kwa furaha, akasahihisha jina la kifaa kimoja. Alipofika kwenye ukurasa wa watu wa manila aliuliza, "Mdogo wangu, aliyebeba jembe alikuwa yupi?" Nikamwambia wa kushoto. Akasema yeye angesema wa kulia, akafunga daftari, akanituma dukani kununua sukari.

Chama cha Mdahalo kimekubali hoja yangu, nayo itajadiliwa Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao katika bwalo: kwamba jeshi lisimruhusu askari kumpiga mtu ambaye kutoka pale alipo hawezi kutofautisha jembe lake na bunduki. Nitasimama upande wa kuunga mkono. Upande wa kupinga bado wanatafuta msemaji, na wazazi watakaokuwa wamewaleta watoto siku hiyo wamekaribishwa kusikiliza.